Wadachi walitusoma, mbona sisi hatuwasomi?

Mwezi jana alinijia nyumbani msichana niliyemfunza Kiswahili tangu alipoingia kidato cha kwanza hadi alipofanya mtihani wake wa mwisho. Alikuja kuniaga. Baada ya miezi mingi ya kujifunza Kijerumani mjini Mombasa amefuzu mtihani wa lugha, amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika mji mmoja wa Ujerumani, na nauli imepatikana kwa mchango wa ukoo mzima. Tulipokwisha kuulizana hali za watu wa nyumbani, aliniuliza swali lililoniacha kimya: "Mwalimu, wewe ulikaa nao. Hao watu wakoje?"

Si yeye peke yake atakayeuliza. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin mnamo Septemba 2024, na tangu hapo haipiti wiki bila kijana au mzazi kunitajia Kijerumani. Vijana hawa wamekaririshwa vitenzi. Wanajua nomino ipi ina jinsia ya kiume, ipi ya kike, na ipi haiko huku wala huko. Lakini lugha ina sarufi nyingine isiyoandikwa ubaoni, sarufi ya kunyamaza, ya kukaribisha, ya kukataa na ya kulia, na hiyo wanaachiwa waivumbue wenyewe, ugenini, katika baridi, huku wakidaiwa kodi ya chumba.

Sisi tuliotangulia hatujawasaidia. Aliyerejea kutoka Ujerumani aghalabu huwa na jibu moja kati ya mawili. Yuko anayewasifu Wajerumani kwa kutunza wakati na kusafisha mitaa, na kila sifa anayowapa ameinoa makali ya kutukatia sisi. Na yuko anayedai kwamba watu wale hawana utu: jirani hajui jina la jirani, mzee hufa peke yake katika nyumba yenye vyumba vitano, na mtu hula mkate mbele yako bila kukutazama. Huyu wa pili hupigiwa makofi kuliko yule wa kwanza, kwa sababu anatupa faraja. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa wa pili, na nitaeleza hapa chini jinsi nilivyoaibika.

Lakini kwanza tuitazame historia kidogo, maana jambo hili lina mizizi mirefu kuliko mkataba wa juzi.

Mimi ni mzaliwa wa Rabai. Mtoto wa Rabai hukua akilisikia jina la Krapf hata kabla hajajua kusoma. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, akamzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, na mwaka wa 1846 akapanda vilima kuja kukaa kwetu pamoja na mwenzake, Johannes Rebmann. Alikuwa Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari cha Kiingereza. Jambo ninalotaka walimu wenzangu walitie maanani ni kwamba mtu huyu aliketi na wenyeji, akauliza na kuandika. Akauliza jina la kila kitu, kila chakula, kila tendo, na kamusi yake nene ya Kiswahili ikachapishwa mwaka wa 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki.

Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1887, Wajerumani walifungua Berlin chuo cha lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha zilizofunzwa humo. Walihitaji wasemaji wenyewe. Ndipo alipokwenda huko, mwaka wa 1900, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo. Mengi ya yaliyomo katika kitabu cha "Desturi za Wasuaheli", kilichotolewa na Carl Velten mwaka wa 1903, yalitoka katika kalamu yake: jinsi tunavyozaa, tunavyotahiri, tunavyooa, tunavyozika. Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani, na walipotaka kuja kuishi Afrika Mashariki wenye mamlaka ya koloni walimzuia kuingia na mkewe katika nchi aliyozaliwa. Alirudi Ujerumani, akafia huko mwaka wa 1927.

Naam, Wadachi, kama walivyoitwa na wazee wetu, walitusoma kweli kweli. Walitusoma kwa sababu walitaka kututawala, hilo halina ubishi. Lakini walitusoma. Na sisi je? Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyefundisha Kiswahili Berlin katika miaka ya 1890, aliandika kwa Kiswahili habari za yale aliyoyaona Ulaya, na maandishi yake yakachapishwa huko huko Berlin mwaka wa 1894. Nawauliza walimu wa fasihi: ni wangapi kati yetu tumewahi kumtaja mtu huyu darasani? Neno lenyewe "shule" tulilichukua kutoka kwa Wajerumani, na tunalitamka kila siku. Hatukuchukua hata siku moja desturi yao ya kukaa na mtu na kuandika anavyoishi.

Mimi ni mfano mbaya kabisa wa jambo hili. Nilipopata ufadhili nikaenda kusoma kusini mwa Ujerumani, katika jimbo la Baden-Württemberg, mwezi wa Oktoba 2006, niliandika tasnifu juu ya nini? Juu ya nyimbo za mazishi za watu wangu. Nilisafiri maelfu ya kilomita kwenda kuwasoma Warabai katika maktaba ya Wajerumani. Wenzangu darasani, wote wazaliwa wa huko, nao walikuwa wakituandika sisi. Chumba kizima kilikuwa kimeigeukia Afrika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akichungulia dirishani kuwatazama watu waliokuwa wakipita barabarani na mifuko yao ya mikate.

Nilianza kuwatazama kwa kulazimika, baada ya kujikwaa. Siku ya kwanza ratiba ilisema mhadhara utaanza saa nne, na kando ya saa hiyo paliandikwa herufi mbili, "c.t.", ambazo sikuzijali. Saa nne kamili ukumbi ulikuwa mtupu. Msomaji mpendwa, nilifurahi kiasi cha kucheka peke yangu: kumbe nao huchelewa, tulikuwa tukisingiziwa bure! Ilipotimia saa nne na robo mlango ulifunguliwa, ukumbi ukajaa kwa dakika mbili, na profesa akaanza kunena. Herufi zile ni kifupi cha maneno ya Kilatini, na maana yake ni kwamba somo huanza robo saa baada ya wakati uliotajwa. Hata kuchelewa kwao kumepangiwa dakika zake. Mhadhara ulipokwisha, wanafunzi wote walianza kugonga meza kwa ngumi. Mimi niliyesoma katika vyuo vya Kenya vya miaka ya 1990 nilikusanya vitabu vyangu haraka na kutafuta mlango ulipo, maana kwetu meza zikigongwa hivyo, polisi hawako mbali. Ilikuwa njia yao ya kumshukuru mwalimu.

Haya ni madogo na ya kuchekesha. Mengine hayakunichekesha.

Kijerumani kina "wewe" mbili, moja ya heshima na nyingine ya watu waliozoeana, na watu wanaweza kufanya kazi pamoja miaka kumi bila kutoka katika ile ya kwanza. Aliye mkubwa ndiye mwenye haki ya kufungua mlango wa ile ya pili. Sisi hatuna wewe mbili. Tuna mama, baba, mzee, bibi, mwalimu, shangazi, na ukimwita mtu mzima kwa jina lake tupu umemvua nguo. Basi mimi, kwa adabu zangu zote, nilimwamkia mama mmoja mtu mzima aliyesafisha bweni letu na kumwita "mama". Alisimama na ufagio wake, akaniambia kwa upole lakini kwa sauti iliyosikika: "Mimi si mama yako." Nilihisi nimepigwa kofi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yeye naye alihisi hivyo hivyo. Alikuwa na jina la ukoo, limeandikwa kifuani, na mgeni asiyemjua amelipita jina hilo na kujitia nyumbani mwake.

Na chakula je? Kwetu anayekula akipitiwa na mtu husema "karibu", na mpitaji husema "starehe" au "ahsante, nimeshiba", na wote wawili wanajua kwamba kikaribisho hicho ni salamu zaidi ya kuwa sahani. Katika jikoni letu la bweni, ambalo watu wanane tulilishiriki, Mjerumani akila ukaingia, wewe uliyeingia ndiwe utakayemtakia yeye mlo mwema! Husema "Guten Appetit", yaani kula vizuri, nawe ukae na njaa yako. Na ukialikwa, utaulizwa mara moja tu kama unataka kahawa. Mimi nilifunzwa na nyanya yangu kwamba mgeni mwenye adabu hukataa kwanza, akabembelezwa, akakataa tena, ndipo akapokea. Nikakataa. Kahawa ikaondolewa mezani. Ilikuwa imebaki keki nzima. Nilirudi bwenini nikapika ugali wa semolina saa nne za usiku, nikiwalaani.

Lakini ukitafakari, nani alikuwa mkweli zaidi pale mezani? Mwenyeji wangu aliliamini neno langu. Nilisema sitaki, akaniheshimu kwa kunichukulia kuwa mtu anayejua anachokitaka. Mimi ndiye niliyesema nisichokikusudia, nikitumaini kwamba atanisoma moyoni. Kwetu kumsoma mtu moyoni ni upendo. Kwao ni kumwingilia.

Kuna siku nilibeba chupa tupu za jamu kuzitia katika mapipa ya vioo, ambayo huwa matatu, la vioo vyeupe, la kahawia na la kijani. Nilizigawa vizuri, nikajipongeza. Ajuza mmoja alifungua dirisha la ghorofa ya pili akanikaripia mpaka akakohoa. Kosa langu halikuwa la rangi, lilikuwa la siku: ilikuwa Jumapili, na Jumapili chupa hazivunjwi, kwa sababu ya kelele. Katiba yao ya mwaka 1949 inailinda Jumapili kuwa siku ya mapumziko, ikiwa imeirithi ibara hiyo kutoka katiba ya Weimar ya mwaka 1919. Maduka karibu yote hufungwa. Nilimwona mwanamke yule kuwa mchawi, lakini nilipomweleza Mjerumani mwenzangu alishangaa kwamba nimekasirika. "Amekwambia wewe mwenyewe," alisema. "Angeweza kuwapigia simu wenye nyumba." Kwao kumkosoa mtu usoni ni kumtendea haki. Kwetu anayekukosoa usoni mbele ya watu amekwisha kukutupa.

Na hapa ndipo ninapotaka walimu wanisikilize, maana jambo hili liligharimu muhula wangu mzima. Niliwasilisha makala yangu ya kwanza katika semina. Profesa, mtu mpole nje ya darasa, aliniacha nikamaliza, akasema mbele ya wote: "Maelezo ni mengi, hoja haimo." Kisha akaitaja kurasa kwa kurasa ilipokosekana. Hakupandisha sauti wala hakucheka. Wala hakuna mtu aliyeniambia pole. Nilikwenda bwenini nikiamini kwamba nimedharauliwa kwa sababu ya kabila na rangi yangu, na kwa wiki kadhaa sikukanyaga semina ile. Mlangoni pa ofisi yake palibandikwa karatasi ya kuandikisha jina kwa ajili ya saa za mashauriano, robo saa kwa kila mwanafunzi. Sikuiandika. Nilikuwa nikingoja aniite, kama mwalimu wa kwetu anavyomwita mwanafunzi aliyetoweka. Naye, nilikuja kujua, alikuwa akingoja niandike jina langu, kwa kuwa mtu mzima asiyekuja ameamua kutokuja.

Muhula ulikwisha, nikarudia somo. Mara ya pili niliona kitu ambacho mara ya kwanza hasira ilikuwa imenificha. Alikuwapo mwanafunzi Mjerumani ambaye makala yake ilikuwa hafifu, na profesa alimwambia maneno mawili matatu ya adabu, akapita. Wale aliowachambua kurasa kwa kurasa walikuwa ndio aliowaona kuwa wana akili. Nami nilikuwa miongoni mwao, nikakimbia heshima niliyopewa.

Nina hakika kwamba msichana wangu atakutana na muuguzi mkuu atakayemwambia mbele ya wenzake kwamba kitanda hakikutandikwa sawa. Atalia chooni. Nani amemtayarisha? Katika madarasa yetu mwanafunzi akimuuliza mwalimu "kwa nini?" mara mbili, huambiwa ana kiburi. Tunamfunza kuinamisha macho, na huko macho yaliyoinamishwa husomwa kuwa ya mtu anayeficha jambo. Sisemi tuache adabu zetu. Nasema kwamba mtoto aliyefunzwa adabu moja tu, na kuambiwa kuwa hiyo ndiyo adabu ya binadamu wote, tumempeleka sokoni na sarafu ya nchi nyingine.

Sasa nije kwenye aibu niliyoahidi kuieleza.

Mnamo Februari 2008 nilipigiwa simu kwamba baba mdogo, ndugu wa baba yangu, aliyenilea na kunilipia karo, amefariki. Sikuwa na nauli. Niliketi jikoni, nikawaambia waliokuwapo: "Baba yangu amekufa." Walisimama, mmoja baada ya mwingine wakanipa mkono na kusema maneno ya taratibu. Kisha wakatoka, wakanifungia mlango polepole kama mtu anavyomfungia mtoto aliyelala.

Kwa siku nne hakuna aliyenijia. Nawaomba wasomaji wa pwani wanielewe. Kwetu hanga halimwachi mtu peke yake. Watu hulala nje kwenye mikeka, wanawake hupika kwa zamu, na hata adui yako huja akaketi, kwa sababu asiyekuja kwenye matanga amejitangaza. Mimi nililala na kuamka katika chumba cha mita kumi na mbili, nikisikia miguu ya watu ikipunguza mwendo kila ilipopita mlangoni pangu. Hata redio ya jirani ilizimwa. Siku ya pili niliona bahasha imepenyezwa chini ya mlango, kadi yenye picha ya mti, imetiwa saini na wote saba. Niliitupa kwenye kapu. Niliandika barua nyumbani kuwaambia kwamba nimekaa miezi kumi na sita na watu wasio na moyo.

Siku ya tano nilikutana na jirani yangu kwenye ngazi, kijana aliyesomea uhandisi. Nilimwambia kwa hasira yote niliyokuwa nayo: mbona hamkuja? Alibadilika rangi. "Tulidhani unataka kuachwa kwa amani," alisema. "Tulizungumza kila usiku juu yako. Hatukujua kama inaruhusiwa kubisha. Kwa nini hukusema?"

Kwa nini sikusema! Mtu huomba matanga? Lakini naye aliuliza kwa dhati, na macho yake yalikuwa mekundu. Kimya kile nilichokihesabu kuwa ukatili kilikuwa kitu walichonipa. Walikuwa wakitembea kwa vidole kwa siku nne. Redio ilizimwa kwa ajili yangu. Mimi niliyekuwa nikiandika tasnifu juu ya mazishi sikuweza kuyatambua maombolezo yaliyokuwa yakifanyika mlangoni pangu.

Nikasema. Nilimweleza kwamba kwetu watu huja wakaketi, si lazima wazungumze. Alitoa kitabu chake kidogo cha miadi, akaniuliza kama kesho saa kumi na mbili jioni ingenifaa, na kama kuna muda maalumu wa kuketi. Nilijizuia nisicheke. Kesho yake, saa kumi na mbili kamili, walibisha wote saba kwa pamoja, kila mmoja na chombo chake, mwingine saladi ya viazi, mwingine keki aliyoioka mwenyewe. Hatukutoshea chumbani, tukaketi ukumbini sakafuni. Wakanyamaza nami. Walikaa hadi saa saba za usiku, na asubuhi ile wawili kati yao walikuwa na mtihani.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Baada ya miezi miwili nilimwambia jirani yule yule kwamba baba amenipigia simu. Alinitazama kwa muda mrefu. "Baba yako alikufa," alisema. Nikamfafanulia: aliyekufa ni baba mdogo, anayepiga simu ni baba aliyenizaa, na yuko baba mkubwa Kaloleni. Alisikiliza yote kwa makini, na bado niliona kivuli kimempita usoni, kivuli cha mtu anayejiuliza kama alilaghaiwa akeshe sakafuni kwa ajili ya mjomba wa watu. Kijerumani kina neno moja tu la ndugu wa baba, na si "baba". Ilibidi nimchoree ukoo wangu kwenye karatasi. Karatasi ile aliibandika jikoni, juu ya jiko, ikakaa hapo hadi nilipoondoka, na kila mara mabaki ya familia yangu yalipigwa na mvuke wa tambi.

Nijuavyo, wako watakaosema kwamba ninawatetea wazungu, na kwamba si kila baya lao ni desturi. Wana haki ya kusema hivyo. Abiria arobaini wakishuka kwenye treni na askari akamwomba hati yule mmoja mweusi, hiyo haikuwa desturi, na halikunipata mara moja tu. Mwenye nyumba aliyeniambia kwenye simu kwamba chumba kipo na, aliponiona, akasema kimechukuliwa muda si mrefu, hakuwa akinifunza utamaduni wa Ulaya. Ubaguzi una jina lake na unastahili kuitwa hivyo. Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo ninashikilia kwamba desturi zifunzwe. Mtu asiyezijua hupata hasara mara mbili: huona dharau katika kimya cha jirani anayemhurumia, na huona taratibu za kawaida katika tusi analotukanwa. Mimi nilimkasirikia profesa aliyenitendea haki, na nikamwomba radhi mwenye nyumba aliyenidhulumu. Nilimwomba radhi kwa kumpotezea wakati!

Basi tufanyeje? Sina imani na semina za siku moja za kuwaaga wasafiri, ambamo mtaalamu huonyesha picha za theluji na kuhimiza watu wanunue makoti. Nina imani na insha. Sisi walimu wa Kiswahili tuna saa zetu, na mada tunazozitoa zimechakaa: umuhimu wa maji, madhara ya dawa za kulevya, barua kwa mhariri. Mwaka huu nimejaribu jambo. Niliwaambia wanafunzi wa kidato cha pili waende nyumbani kwa rafiki wa kabila au dini nyingine, wakae mchana mmoja, kisha waandike namna mgeni anavyopokewa, nani huanza kula, nani huruhusiwa kusema, na mtu hukataaje. Sharti lilikuwa moja: wasitumie neno "zuri" wala "baya" wala "ajabu". Iliwatesa. Mmoja aliandika kurasa mbili juu ya jinsi akina mama wa nyumba moja ya Waswahili wa Mombasa walivyomzuia asiondoke kabla ya kunywa chai, akahesabu kwamba aliaga mara sita. Alihesabu! Krapf angemwajiri.

Na wale walio Ujerumani sasa, wanaosoma na wanaofanya kazi katika nyumba za wazee za Wajerumani, ambamo watawaona wenyeji wakiwa dhaifu na wakweli kuliko profesa yeyote alivyowahi kuwaona, ningependa waandike. Waandike kwa Kiswahili, kwa ajili yetu. Mtoro aliwaandikia Wadachi desturi zetu. Miaka mia moja na ushei imepita, na kitabu cha pili, cha "Desturi za Wadachi", bado nakingoja.

Msichana wangu nilimweleza baadhi ya haya, si yote, kwa kuwa gari lilikuwa linamngoja. Nilimwambia akiulizwa kama anataka kahawa na anaitaka, aseme ndiyo mara ya kwanza. Nilimwambia akikosolewa aulize swali, na akifiwa aseme. Nikampa daftari tupu. Alilipokea kwa mikono miwili, akafika mlangoni, akageuka.

"Mwalimu, na wakiniuliza nina baba wangapi?"

Nikamwambia awataje wote, kisha awachoree.